Teo Lipimwe kwa Mwenyewe

Ndugu mkulima wa Kibuyuni,

Mahindi yakianza kubeba, nyani na tumbili nao huanza safari. Maji yakitoka, mama huteremka kwenye mwani wake, na shamba huachiwa mtoto pamoja na teo la baba. Mtoto hurusha, hukosa, na jioni hukemewa kwa uvivu. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa jembe nakubali. Kwa teo sikubali.

Tazama wenye bunduki za marisau. Jicho la mpigaji ndilo linaloongoza mtutu. Kitako kikiwa kirefu mno hunasa kwapani. Kisipokaa vema shavuni, jicho hupotea mahali pake na marisau hupita kando. Kwa hiyo fundi hodari humpima mtu kwanza, ndipo akachonga mti. Bunduki hutaka leseni, na uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977. Lakini somo lake latufaa sisi wenye teo.

Sokota kamba ya usumba au katani. Likunje teo, lishike ncha zote mbili, ukunjue mkono ubavuni: kikoba kiishie karibu na goti, kisiguse chini. Teo la baba humburuzikia mtoto, na jiwe laweza kuruka nyuma, walipo wenzake. Watu wa visiwa vya Balear, Hispania, waliosifiwa zamani kwa teo, walichukua matatu: refu kwa mbali, fupi kwa karibu, na la kati.

Kisha fanya mazoezi kabla mahindi hayajakomaa. Chagua mawe ya mviringo yenye uzito mmoja. Weka kifuu juu ya kisiki, hatua ishirini, urushe mara thelathini kila jioni kwa wiki mbili. Asiwepo mtu mbele, nyuma wala kando.

Na shabaha hiyo si ya kuua. Sheria ya mwaka 2013 inawalinda wanyamapori. Lenga ardhi mbele ya nyani, atishike na kurudi. Asiye na shabaha hawezi hata kutisha bila kujeruhi.

Basi, usimkemee mtoto kabla hujampimia teo lake. Kamba ni ya bure, minazi tunayo. Jicho la mtoto wa jirani halina bei.