Umestaafu, sasa unaitwa kushauri: saa yako ni pesa ngapi?

Swali hili hutufikia mara nyingi kutoka kwa wateja waliostaafu: watu wananiita niwasaidie na kazi niliyoifanya maisha yangu yote, je, niwatoze ngapi kwa saa? Mmoja alikuwa mhasibu, mwingine afisa wa kilimo, mwingine mpima ardhi. Tangu 2009 mtumishi wa umma hapa Kenya hustaafu akiwa na miaka 60 badala ya 55, na wengi hufika hapo wakiwa bado na nguvu. Kazi ipo. Kinachowasumbua ni bei.

Tuchukue Bondeni, hapa Nakuru, maana huko bei ya saa ni kitu kigeni. Fundi analipwa kwa siku au kwa kazi. Mwenye bodaboda anataja bei ya safari. Sasa mhasibu mstaafu akimwambia mwekahazina wa chama pale Kivumbini kwamba saa yake ni shilingi 1,300, mwekahazina ataanza kuhesabu hata dakika za chai. Kwa hivyo msimamo wetu ni huu: piga hesabu ya saa kwa makini, kisha iache ikae kwenye daftari lako. Mteja mtajie bei ya kazi nzima.

Hesabu yenyewe wengi huianza vibaya. Wanachukua mshahara wa mwisho na kuugawa. Tuseme ulikuwa unapata 80,000 kwa mwezi, siku 22, saa nane kwa siku. Hizo ni saa 176, kwa hivyo saa moja inatoka kama 455. Inaonekana ni pesa nzuri, na mteja anakubali haraka. Akikubali haraka hivyo, shtuka kidogo.

Ulipokuwa ofisini ulilipwa hata saa ya kusubiri mkutano uanze. Sasa hakuna anayelipia kusubiri. Mwezi wa mshauri anayejitegemea umejaa kupiga simu, kuandika barua, kupanda matatu na kumngoja mwenyekiti ambaye ameenda mazishi. Ukibahatika kuuza saa 60 kwa mwezi, hongera. Na vile vitu ambavyo mwajiri alikuwa analipa bila wewe kuona sasa ni vyako: simu, data, kuchapisha karatasi, bima ya afya.

Hapa simu yako inasaidia kuliko kukisia. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi sita, kaa na kalamu, na upige mstari chini ya kila nauli, kila salio la simu, kila malipo ya saiba. Tuseme kwa mwezi umepata nauli 7,000, simu na data 3,000, kuchapisha 2,000 na bima 6,000. Jumla 18,000. Ukitaka kubaki na 60,000 kabla ya kodi, unahitaji 78,000 kwa saa 60, yaani 1,300 kwa saa. Linganisha na ile 455. Hiyo tofauti ndiyo ingetoka mfukoni mwako, na kwa mstaafu mfuko huo mara nyingi ni yale malipo ya mkupuo aliyopewa alipotoka kazini. Hayarudi tena.

Kuna hoja tunayoisikia sana: "Lakini mimi nina pensheni, naweza kutoza kidogo." Hatukubaliani nayo hata kidogo. Pensheni ni malipo ya kazi uliyokwisha kufanya. Ukiitumia kushusha bei, unamlipia mteja wako nusu ya gharama, na mteja huyo huenda ana kampuni kubwa kukuliko. Halafu kuna kijana aliyemaliza masomo yake Egerton pale Njoro, amefungua ofisi ndogo ya uhasibu mjini. Analipa kodi ya ofisi, ana watoto shuleni, hana pensheni. Ukitoza 455, yeye atatoza nini? Kila mteja atamwambia, "Mzee fulani wa Bondeni ana miaka thelathini kazini na anafanya kwa nusu ya hiyo." Bei yako inawagusa wengine pia.

Turudi kwenye kutaja bei. Kukagua vitabu vya chama vya mwaka mmoja, pamoja na kuwaelezea wanachama, tuseme ni saa sita. Hiyo ni 7,800. Sema 8,000, kazi nzima, basi. Hakuna atakayehesabu chai. Safari za mbali ndizo ngumu. Afisa wa kilimo mstaafu anaitwa Subukia kuangalia mahindi yaliyoingia ugonjwa. Shambani atakaa saa mbili, kwa hesabu ya haraka 2,600. Lakini ametoka nyumbani saa moja asubuhi na amerudi saa nane mchana. Siku imeisha. Sisi tungeweka sheria: kazi ya nje ya mji haipungui nusu siku, saa nne, 5,200, hata kama ugonjwa umeutambua kwa dakika kumi. Kuutambua kwa dakika kumi ndiyo faida ya miaka yako yote kazini, haifai kuwa sababu ya kulipwa kidogo.

Na majirani je? "Mzee, si unitazamie tu hii karatasi, dakika mbili." Huwezi kukataa, na hatusemi ukatae. Mtaa ni mtaa. Ila zihesabu hizo saa. Jipe saa nne kwa mwezi za kusaidia bure, za msikiti, kanisa, mjane wa nyumba ya pili. Zikiisha, jibu ni la upole: "Kijana wangu, ya mwezi huu imejaa, njoo mwezi ujao ama tupange ya kulipia." Ukimpunguzia mtu bei, mwandikie bei kamili kwanza, kisha punguzo chini yake. Hapo anajua amepewa nini.

Sasa kulipwa. Ushauri ukishasikika haurudishwi dukani, na mteja analijua hilo. "Nitakutumia jioni" imewazungusha watu wengi. Omba nusu kabla ya kutoka nyumbani. Ndiyo, sisi ni kampuni ya malipo na tunafaidika ukilipwa kwa simu, lakini hata kama ni noti mkononi, nusu itangulie. Pesa ya kazi iingie kwenye nambari ya till au laini nyingine, isichanganyike na ya wajukuu, la sivyo ile taarifa ya miezi sita haitakueleza kitu. Na usiamini ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kutoa ripoti.

Kampuni zina mambo yake. Ikikulipa ada ya ushauri ya 24,000 au zaidi kwa mwezi, inatakiwa kukata asilimia 5 na kuipeleka KRA. Ukitoza 40,000, utaona 38,000. Hujaibiwa. Dai cheti cha makato hayo, maana yanahesabiwa kama kodi uliyokwisha kulipa unapojaza ritani, mwisho wake 30 Juni. Watakuomba pia ankara ya eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 bila hiyo wanapata shida kuihesabu pesa waliyokulipa kama gharama ya biashara. Jisajili kabla hujaitwa. Tumeona kazi nzuri ikikwama wiki tatu kwa ajili ya ankara.

Baada ya miezi mitatu, toa taarifa tena na uweke kando yake daftari la saa. Huenda ulidhani utauza saa 60 na umeuza 40. Basi 78,000 kwa 40 ni 1,950, na ile 1,300 haikutoshi. Una njia mbili: kupandisha bei kwa wateja wapya, au kupunguza saa zinazopotea njiani. Wa Subukia, kwa mfano, unaweza kuwapangia wote Alhamisi, nauli ikawa moja.