Mashua Juu ya Bonde

Katika nchi ya Wales uko mfereji wa Llangollen, ambamo mashua ndefu nyembamba hupita polepole mfano wa mtu aendaye kwa miguu. Zamani zilikokotwa na farasi. Leo huenda kwa mashine, lakini si zaidi ya maili 4 kwa saa, kwani mawimbi ya mwenye haraka huzibomoa kingo.

Ufikapo bonde la mto Dee, mfereji hauteremki. Tangu mwaka 1805 maji yake huvuka juu ya daraja la Pontcysyllte, ndani ya hori la chuma, mita 38 juu ya mto. Upande mmoja pana njia na uzio. Upande wa pili hapana kitu. Wala mashua mbili hazipishani hapo: mmoja hana budi kumngoja mwenziwe. Nanyi vijana, asiyekubali kungoja atapita wapi?