Tusingoje Taka Zifike Pwani

Katika pwani yetu ya kusini, kutoka Somanga hadi Lindi, si jambo geni kuwaona wananchi wakijitolea kuokota taka ufukoni, hasa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kazi hiyo yastahili sifa. Hata hivyo, ni maoni yetu kwamba mara nyingi hufanyika taka zikiwa zimekwisha kuleta madhara, na kwamba jambo lenye faida kubwa zaidi, yaani kuzihesabu, husahauliwa.

Yafaa kwanza tufahamu safari ya taka hizo. Mito ya Matandu, Mavuji, Mbwemkuru na Lukuledi humwaga maji yake baharini kati ya Kilwa Kivinje na mji wa Lindi. Wakati wa kiangazi chupa, vifuko na kandambili zilizochakaa hulala tu katika mitaro na makorongo. Masika yaanzapo, mwezi wa Machi, maji huzikumba zote hadi mtoni, na kwenye mlango wa mto hunaswa na mikoko. Hapo ndipo penye hasara. Mchu na mlilana huota katika tope lisilo na hewa, na kwa sababu hiyo hutoa mizizi ichomozayo juu ya tope ili ipate kuvuta hewa. Plastiki ikitandazika juu ya mizizi hiyo huiziba. Ikizibwa mingi mti hudhoofika, na pengine hufa. Kamba na samaki wachanga wanaojificha humo hukosa makao, na mvuvi hukosa riziki.

Taka zinazopenya mikoko huchukuliwa na mkondo wa bahari, ambao katika pwani hii huelekea kaskazini mwaka mzima, kwa kasi zaidi wakati wa kusi. Hivyo uchafu wa Lindi waweza kuwa mzigo wa Kilwa, na wa Kilwa ukawa mzigo wa Mafia. Jua na mawimbi huzivunjavunja hata zikawa chembe zisizofikia milimita 5, ambazo hakuna reki iwezayo kuzikusanya. Watu ishirini mtaroni mwezi wa Februari, kwa hakika, wafaa kuliko mia ufukoni mwezi wa Juni.

Na kuhesabu je? Mwaka 1986 watu waliojitolea kusafisha fukwe za Texas, Marekani, walipewa kadi za kuandikia kila walichookota, na utaratibu huo umeenea katika nchi nyingi. Idadi hufichua chanzo. Vipande vya nyavu vikizidi, kosa liko chomboni. Vifuko vikizidi, liko sokoni. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 iliziba chanzo, jambo lisilowezekana kwa ufagio. Rundo linalochomwa ufukoni bila kuandikwa halimfundishi mtu lolote (na moshi wake ni sumu).

Walimu wa sayansi wa Kilwa na Lindi waweza kulianza jambo hili kwa gharama ndogo. Wanafunzi, wakiwa wamevaa viatu na glavu, wachague mtaro mmoja, wapime mita 100, waokote taka zote, wazitenge kwa aina na kuzipima kwa mizani ya kuazima sokoni. Warudie pale pale kila mwezi. Mwaka ukiisha, daftari lao lipelekwe kwa halmashauri ya wilaya, pamoja na swali: taka hizi zatoka duka gani, na gari la taka hupita lini?