Kanda za Nyumbani Zisituozee

Wenzangu mlioko Uingereza, zile kanda za VHS za harusi za wazazi, zenye sauti za bibi na babu waliotangulia mbele ya haki, zinachakaa hata zikiwa kabatini. Zihamishieni kwenye DVD mapema. Deki mpya hazitengenezwi tena. Funai ya Japani ilifunga kazi hiyo Julai 2016, kwa hiyo tunanunua mitumba.

Mimi nasema nunua rekoda ya DVD peke yake na deki peke yake. Zikiwa boksi moja, upande mmoja ukifa umekwama. Muuzaji akisema haishiki stesheni, usishtuke: matangazo ya analojia huku yalizimwa 2012. Unachohitaji ni tundu za AV. Nenda na DVD-R tupu, rekodi dakika 10, fanya finalaizi, yaani uifunge diski, kisha ijaribu kwenye mashine nyingine. Ikigoma, ondoka, hata iwe bei ya bure.

Rekodi saa 2 kwa diski. Tamaa ya saa 6 huharibu picha. Walioko Marekani wana kibarua zaidi, maana kanda zetu ni PAL na mashine nyingi za kule ni za NTSC tu.

Toa nakala mbili jamani, moja irudi kwa mama.