Picha ya muamala siyo hela, na programu yako inatakiwa ijue hivyo

Wauzaji wenzangu, leo nina neno na wote mnaouza kwa simu: wa WhatsApp, wa Instagram, na wewe ambaye tayari una programu yako au unamlipa kijana akutengenezee. Neno lenyewe ni hili: anayelipa siye wa kukuambia kwamba umelipwa. Najua kuna watakaonuna. Nuneni, ila someni kwanza.

Mimi nauza miche ya nyanya na vitunguu huku Nduruma. Oda zinaingia jioni watu wakishatoka kwenye mihangaiko, mmoja yuko USA River, mwingine Njiro, mwingine Babati anataka trei kumi ziende na basi la asubuhi. Kila mmoja ana haraka. Na kila mmoja akishalipa anatuma picha ya muamala, halafu anaandika "tayari". Mimi namjibu, "Asante, ngoja niangalie." Wapo wanaochukia. "Kwani huniamini?" Siyo suala la kumwamini, ndugu yangu. Ile picha imetoka kwenye simu yako, na hela inatakiwa iingie kwenye simu yangu. Hapo tunaongelea simu mbili.

Dada mmoja jirani yetu anauza nguo za watoto mtandaoni. Alituma mzigo wa shilingi 180,000 kwa sababu ya meseji. Meseji ilikuwa nzuri kabisa, ina namba ya kumbukumbu, ina jina, ina saa. Hela haikuwepo. Boda alishafika, mzigo ulishapokelewa, namba ya mteja haipatikani tena. 180,000 kwa mtu anayezungusha mtaji wa laki tano siyo hasara ya kusema "Mungu atanipa nyingine". Hiyo ni ada ya mtoto.

Nilipoisoma ile meseji niliona kitu ambacho naomba mkikariri. Meseji ya kweli ya kupokea hela inataja salio lako jipya. Tapeli hajui salio lako! Anabuni tu. Kama ulikuwa na 42,500 na umepokea 180,000, lazima isome 222,500. Ya yule dada ilisoma namba ya ajabu ajabu. Basi hesabu hiyo ya sekunde kumi inawakamata wengi. Lakini usiishie hapo, maana wengine meseji zao zinafika bila kutaja salio. Ingia mwenyewe kwenye menyu, iwe M-Pesa, iwe Mixx, Airtel Money au HaloPesa, tazama salio au taarifa fupi ya miamala. Meseji yenyewe ipeleke TCRA kwa namba 15040, ile ile tunayopelekea zile za "ile hela tuma kwenye namba hii".

Sasa nije kwenye programu, maana huko naona watu wanaliwa bila hata kujua.

Mimi na mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta mjini, tunatengeneza kalenda ya nyanya ya kwenye simu. Inakukumbusha siku ya mbolea, siku ya dawa, na inakuonyesha dalili za kantangaze kabla hajamaliza shamba. Sehemu ya bure ipo, na sehemu ya kulipia ni shilingi 5,000 kwa msimu. Nikamuuliza, programu itajuaje kwamba mtu amelipa? Akajibu, "Shangazi, hiyo rahisi. Simu ikisema imelipa, tunamfungulia." Nikamuuliza, simu ya nani? Akasema ya mteja. Nikamwambia hapo umenirudisha kule kule kwenye picha ya muamala.

Alicheka, lakini alielewa haraka kwa sababu ya LUKU. Hebu fikirini LUKU inavyofanya. Ukinunua umeme unapewa tokeni ya tarakimu 20. Mita yako haitaki kuona meseji ya malipo, wala haijali umemlipa wakala gani. Inataka zile tarakimu, inazikagua, na tokeni ni ya mita hiyo tu, ya jirani haiingii. Ukiiingiza mara ya pili inakataa. Sijawahi kusikia mtu akigombana na mita kwamba "huniamini". Tumezoea. Basi programu inayouza kitu inatakiwa iwe na roho ya mita ya LUKU.

Na wala siyo hadithi za kutishana. Julai 2012, mtu mmoja wa Urusi anaitwa Alexey Borodin alionyesha njia ya kupata vitu vya kulipia ndani ya programu za iPhone bila kulipa hata senti. Hakuvunja kufuli la mtu. Alitengeneza seva inayojibu kama vile ni duka la Apple, watumiaji wakaelekeza simu zao huko, simu ikiuliza "huyu amelipa?" seva ya uongo inajibu "amelipa". Programu iliyoamini jibu lililopitia simu ya mteja ikafungua milango. Apple walitoa ushauri kwa watengenezaji wakague risiti kupitia seva zao wenyewe, kisha wakaahidi kuziba tundu kwenye toleo la iOS 6. Kama kampuni ya ukubwa ule ilichezewa hivyo, wewe na programu yako ya kuuza mapishi ya keki usiseme "mimi mdogo, nani anihangaikie". Tapeli anapenda wadogo, wakubwa wana mawakili.

Njia sahihi kwa upande wa Google Play nitaieleza kwa lugha yetu. Mteja akinunua, simu yake inapata tokeni ya ununuzi. Simu inaipeleka tokeni hiyo kwenye seva yako. Seva yako, siyo simu ya mteja, inawauliza Google: hii mnaijua? Ni ya bidhaa gani? Imelipwa, inasubiri, au imefutwa? Ikishajibiwa, seva inatazama kwenye daftari lake kama tokeni hiyo imewahi kutumika, kama haijawahi inaandika na kumfungulia mteja. Neno "inasubiri" mlitilie maanani. Kuna njia za malipo ambazo mtu anaagiza leo na kulipa baadaye, na programu za haraka haraka zinamfungulia hapo hapo. Ni sawa na kumpa mtu trei kwa sababu amesema yuko njiani kwa wakala.

Halafu kuna hili ambalo vijana wengi wanalisahau: ukishampa mteja alichonunua, lazima uwathibitishie Google kwamba umepokea ununuzi huo. Usipofanya ndani ya siku 3, wanamrudishia mteja hela yake. Yaani umeuza, mteja ameridhika, na hela imeondoka kwa sababu ya mstari mmoja ambao fundi wako hakuuandika.

Kabla sijasahau, kama unauza vitu vya kushikika, viatu, vitenge, miche, hayo ya malipo ya Google hayakuhusu. Sheria yao ya malipo ni kwa bidhaa za kidijitali zinazotumika ndani ya programu. Miche yangu nalipwa kwa lipa namba. Kalenda ndiyo inapita kwao, na wanachukua asilimia 15 kwa sisi wadogo, utaratibu ulioanza 2021. Inauma kidogo.

Lakini na wewe wa lipa namba ndani ya programu yako usijione umepona. Siku hizi fundi anaunganisha programu na kampuni ya malipo, mteja anatumiwa ombi kwenye simu, anaweka namba ya siri, kisha kampuni inatuma taarifa kwenye seva yako kwamba imelipwa. Mkae mkijua taarifa hiyo inafika kwenye anwani ya intaneti, na akiijua mtu mwingine anaweza kutuma ya kwake inayofanana. Mwambie fundi wako seva ikipokea taarifa iiulize kampuni yenyewe kabla ya kutoa mzigo. Na ilinganishe kiasi! Kuna programu zinazosoma neno "imefanikiwa" tu, mtu analipa 500 kwa kitu cha 5,000 na mlango unafunguka.

Nikisema haya kwenye kundi letu, jibu la kwanza huwa ni kwamba ukaguzi unafukuza wateja. Kwenye hilo sikubaliani nao. Kinachofukuza wateja ni kauli. Mtandao ukisumbua, programu isiandike "hujalipa", iandike "tunaangalia malipo yako, subiri kidogo". Mtu aliyelipa kweli halafu akaambiwa hajalipa anaumia kuliko aliyesubirishwa dakika tano. Hata mimi kwenye WhatsApp simwambii mteja "sijaona kitu", namwambia "bado haijanifikia, ikifika nakujulisha". Tofauti ni maneno tu.

Na tabia ya kubandika picha ya mteja na namba yake ukurasani, "mwizi huyu mjueni", mimi siikubali kabisa. Mara ngapi muamala umechelewa, hela imeingia kesho yake, na jina la mtu limeshachafuka mpaka Tengeru? Angalia kabla ya kutoa mzigo, hutakuwa na wa kumbandika.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaotaka kukagua kila dakika. Hapa mimi na mtoto wa kaka tulibishana siku mbili. Yeye alitaka programu iulize seva kila inapofunguliwa. Nikamwambia mkulima wetu wa huku chini hana bando kila siku, na yuko katikati ya shamba wakati kantangaze ameingia. Amelipa 5,000 yake halali, anafungua kalenda aone dawa gani, programu inamjibu "hakuna mtandao, huwezi kuendelea". Mtu huyo tumemwibia. Mwishoni tumekubaliana hivi: wakati wa kununua ukaguzi ni mkali, hakuna huruma. Ukishathibitishwa, programu inakaa wazi siku 14 hata bila mtandao, ikipata mtandao inauliza tena kimya kimya. Anayetaka kuiba anaweza kujipatia hizo wiki mbili. Achukue. Sitamfungia mlango aliyelipa kwa ajili ya kumkomoa asiyelipa.

Kilichobaki ni marejesho. Kwa simu, mitandao ina utaratibu wa kurudisha hela iliyotumwa kimakosa, na wajanja wanautumia: anapokea mzigo, kisha anapiga kusema alikosea namba. Dawa yake ni kutunza maongezi ya oda, namba ya muamala na picha ya mzigo ukiwa kwa boda, ili ukiulizwa uwe na la kuonyesha. Kwa Google pia mtu anaweza kurudishiwa hela baada ya kununua, na wana orodha ya manunuzi yaliyobatilishwa ambayo seva yako inaweza kuisoma. Mtoto wa kaka yangu anahangaika na kipande hicho wiki hii, ndiyo maana kalenda haijatoka. Wanaouliza inbox itatoka lini, jibu ni hilo. Na wewe unayemlipa fundi, kabla hujammalizia hela yake, muulize mbele ya programu yenyewe: nikituma tokeni ile ile mara mbili, itakuwaje? Akusukumie simu ujaribu mwenyewe.