Sheikh wa Ujiji na kalamu ya Mkristo

KALAMU YA MWAMBAO
Na Sabas Ntibakazi

Herufi moja inatosha kupindua mahubiri. Mwandishi wa kipeperushi cha mkutano wa Injili akitaka kusema Yesu ataokoa, mkono ukateleza ukatanguliza h, kata nzima ya Buzebazeba hapa Kigoma-Ujiji itasoma kwamba Yesu hataokoa. Akichanganya l na r, kosa linalomnyemelea kwa urahisi mtu aliyelelewa kwa Kiha, waumini wataalikwa kusali “mahari patakatifu”. Watu watacheka, kisha wataelewa alichokusudia. Hapo uvivu hupata wakili: ujumbe si umefika? Mengine ni ya walimu wa Kiswahili.

Wakili wa pili huja na joho la kiroho. Roho ndiye anayeongoza kalamu, husema, kwa hiyo kufuta sentensi ni kumpinga. Luka hakuandika hivyo. Mwanzoni mwa Injili yake anamweleza Theofilo kwamba amechunguza mambo yote tangu chanzo, akaamua kuyaandika kwa mpangilio. Huyo ni mtu aliyekaa mezani akahangaika.

Mkristo wa Kigoma anayetaka kujifunza kuhangaika huko hana haja ya kutafuta mbali. Kaluta Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924, na mwaka 1954 akatoa kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho hadi leo washairi wanakirejea wanapobishana juu ya vina na mizani. Alikuwa sheikh wa Ahmadiyya, akashiriki kutafsiri Kurani kwa Kiswahili, tafsiri iliyotoka 1953. Mwaka 1960 akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, baadaye waziri, akafariki 1964. Uwanja wa mpira wa Arusha unaitwa kwa jina lake, ingawa pengine wengi wanaoshangilia mabao humo hawajui kwamba alikuwa fundi wa beti.

Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki wa Dodoma, hakusema kwamba vina ni vya waungwana wa pwani. Alijifunza sheria zao, kisha mwaka 1963 akatoa Utenzi wa Enjili Takatifu. Kazi hiyo haina huruma: kila kipande mizani 8, vipande vitatu vya kwanza vifanane mwisho, na cha nne kibebe kina kimoja kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Yerusalemu pekee inakula mizani 5. Zimebaki 3 za kumfikisha Bwana mjini. Mtunzi aliyebanwa hivyo hana pa kuweka “kwa kweli”, wala “napenda kuchukua nafasi hii”. Ndiyo maana hata mwandishi wa shuhuda za kawaida, asiyekusudia kutunga shairi maishani mwake, angefaidika kwa kushinda mwezi mmoja na utenzi.

Julius Nyerere naye alikuwa Mkatoliki. Tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar ilitoka 1963. Hakuridhika, akairudia, na toleo lililorekebishwa likatoka 1969, akiwa bado rais mwenye nchi ya kuendesha. Mwaka 1996, uzeeni, tenzi zake za Injili zikachapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho.

Kwaya na waandishi wa manispaa hii ya Kigoma-Ujiji hutafuta fedha za studio, za sare, za spika, hata za video ufukweni. Fungu la mhariri halimo. Kabla ya wimbo kurekodiwa au kitabu kwenda kiwandani, daftari lipelekwe kwa mwalimu wa Kiswahili wa shule jirani, naye alipwe, maana hiyo ni kazi. Akiwa Mwislamu, jambo la kawaida Ujiji, ndiyo heri zaidi: hajazoea lugha ya kanisani, kwa hiyo hataipitisha sentensi kwa sababu tu inasikika takatifu. Na akiuliza ina maana gani, asijibiwe kwa Haleluya.