Naibu waziri mwanamuziki hatamletea manju wa Bariadi mirabaha

Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Hamis Mwinjuma, yule MwanaFA wa bongofleva, kuwa Naibu Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Michezo. Tangu hapo kuna kauli inayorudiwa redioni, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp: wasanii sasa wana mtu wao serikalini, mambo yao yatanyooka. Naipinga kauli hiyo. Inawafanya wasanii wakae kusubiri, na wanaoumia zaidi kwa kusubiri huko wako mbali na Dar es Salaam.

Sina ugomvi na MwanaFA. Ni msomi, ni mtunzi mwenye kalamu nzito, na wana Muheza walimpeleka bungeni mwaka 2020 kwa kura zao. Hapo ndipo hoja inapoanzia. Katiba yetu, ibara ya 55, inataka mawaziri na manaibu wao watoke miongoni mwa wabunge. Anayemteua ni Rais, anayempigia kura ni mwananchi wa Muheza. Wasanii kama wasanii hawakumtuma popote, wala hawana namna ya kumwita awape hesabu. Tena naibu waziri si mjumbe wa Baraza la Mawaziri. Pale mambo makubwa yanapoamuliwa, yeye hayumo. Huyu ndiye tuliyembebesha matumaini ya kila mwenye kipaza sauti nchini!

Sisi wa Bariadi, mkoani Simiyu, tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hili. Mbunge wetu wa miaka mingi, Andrew Chenge, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha akawa waziri. Baadaye tukampata Kundo Mathew, naye akawa naibu waziri. Mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu aulizwe kama bei ya pamba iliwahi kupanda kwa sababu mtu wa Bariadi alikuwa na bendera kwenye gari. Bei hufuata soko la dunia, na mizani ya mnunuzi haimjui mbunge wa mtu yeyote.

Sasa tuwatazame wasanii wa Simiyu wenyewe. Pamba ikishauzwa, ngoma zinaanza. Kundi la Bagalu upande huu, la Bagika upande ule, kila manju, yaani kiongozi wa ngoma, na wafuasi wake, wote wanapiga kwa wakati mmoja, na watu wanahama kutoka duara hili kwenda lile mpaka ijulikane nani kawavuta wengi. Ni mashindano makali, ya zamani kuliko mkoa huu uliozaliwa mwaka 2012 na kuliko Tanzania yenyewe. Manju huyu anatunga, anafundisha, anaongoza, anarekodi kwa pesa yake au ya mfadhili aliyemsifu ndani ya wimbo.

Kisha nenda stendi. Kijana ana kompyuta na waya mbili tatu, na kwenye kioo kuna folda imeandikwa ngoma za asili. Mteja anatoa flashi, nyimbo zinamiminwa kwa mkupuo, pesa inabaki kwa kijana. Basi linaondoka kwenda Mwanza kwa njia ya Lamadi, na nyimbo zilezile zinawaburudisha abiria mwanzo wa safari hadi mwisho. Mtunzi anajitaja jina na kijiji chake katikati ya wimbo, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema hakumjua mwenye mali. Na bado hapati kitu.

Hapo pia sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni Namba 7 ya mwaka 1999, ilipitishwa kabla mwanarapa yeyote hajakanyaga bungeni. Baadaye waliingia wanarapa Sugu wa Mbeya Mjini na Profesa Jay wa Mikumi, na kabla yao alikuwamo Kapteni John Komba wa kikundi cha TOT. Wote walikuwa wanamuziki hasa, wenye majina. Flashi za Bariadi ziliendelea kujazwa.

Wapo wanaonitajia Gilberto Gil, mwanamuziki aliyekuwa Waziri wa Utamaduni wa Brazil kuanzia 2003 hadi 2008. Ni mfano mzuri, na unanisaidia mimi. Kinachokumbukwa katika uwaziri wake ni mpango ulioanza mwaka 2004 wa kupeleka fedha za serikali moja kwa moja kwa vikundi vya utamaduni vilivyokuwa tayari vinafanya kazi mitaani na vijijini. Mpango huo ungeweza kuandikwa na mhasibu asiyejua kushika gitaa. Gil alikuwa waziri kamili, mwenye bajeti na mkuu wa nchi aliyemuunga mkono.

Kwa hiyo tuache kuhesabu wasanii waliopanda. Halmashauri huwa na afisa utamaduni. Apewe kazi inayopimika: orodha ya manju na vikundi vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, nyimbo zao, studio walizorekodi, namba ya simu ya kupokelea malipo. Wenye mabasi, baa na vibanda vya stendi walipie leseni hapahapa mkoani, na orodha ya mgao ibandikwe ubaoni. Akija waziri au naibu wake Bariadi, awe mwimbaji au profesa, asiombwe kupanda jukwaani atuchane mistari. Aulizwe: mwaka uliopita mirabaha iliyokusanywa Simiyu ilikuwa shilingi ngapi, na ilimfikia manju yupi?